Mfadhili Ni Nani? Pesa za Siasa kutoka Jinja hadi Mbale

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, shule moja ya msingi iliyo kando ya barabara ya Jinja kwenda Iganga iliniomba niiandikie risala. Tajiri mmoja alikuwa ameezeka madarasa manne kwa mabati mapya, na wazazi walitaka kumshukuru kwa Kiswahili kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anatoka upande wa pili wa mpaka. Niliandika kurasa mbili zenye takriri, tashbihi na methali za kutosha. Nakala ninayo hadi leo, na nimehesabu: nilimwita tajiri yule "mfadhili wetu mpendwa" mara sita. Ulikuwa msimu wa kampeni. Kushoto kwake jukwaani alikaa mgombea wa kiti cha wilaya, akitabasamu.

Mgombea alishinda. Haukupita mwaka, wapima ardhi wakaonekana katika kiwanja cha michezo cha shule ile ile. Hati mpya ilikuwa ya kampuni ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuisikia, na mmoja wa wakurugenzi wake alikuwa mfadhili wetu mpendwa. Kutoa mabati si kosa, na mimi sikuwa na habari yoyote ya kiwanja. Lakini katika mikutano yote ya maandalizi, walimu, wazazi na mimi mtunga risala, hakuna aliyethubutu kuuliza swali moja la kawaida: Mzee, una shughuli gani na halmashauri hii? Tuliona ni utovu wa adabu kumhoji mtu anayetoa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kuhusu neno hilo "mfadhili" na historia yake katika sehemu yetu ya Mashariki ya Uganda. Makala haya ni matokeo ya kujiuliza huko. Walimu wenzangu watanisamehe nikianza na msamiati, maana ndiyo kazi inayotulisha.

Mfadhili anatokana na fadhila, yaani wema anaotendewa mtu bila ya kuudai. Aliyetendewa fadhila hana haki ya kuuliza. Ana wajibu wa kushukuru, na asiposhukuru tunamkumbusha kwamba fadhila za punda ni mateke. Kwa hiyo lugha yenyewe imeshamnyamazisha mpokeaji kabla hajafungua mdomo. Neno hongo lina safari ya kinyume. Katika karne ya 19, hongo ilikuwa malipo ambayo msafara ulitoa kwa mtawala ili upite katika nchi yake. Majadiliano yake yangeweza kuchukua siku kadhaa, na msafara mzima, kuanzia kiongozi hadi mpagazi wa mwisho, ulijua ni doti ngapi za nguo zimetolewa na kwa nani. Watu walilalamika kwamba hongo ni kubwa mno, lakini hawakulalamika kwamba ni siri. Leo neno hilo hilo lina maana ya kitu kinachopitishwa chini ya meza. Ningefurahi kama mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili angetuandikia tasnifu juu ya safari hiyo ya maana, kutoka mchana kweupe hadi gizani.

Halafu kuna takrima. Neno hili ni ndugu wa ukarimu, na lilikuwa limekaa kwa amani katika kamusi mpaka mwaka 2000, Bunge la Tanzania lilipoirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu mgombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa kimila unaofanywa kwa nia njema. Watani wakaanza kusema kuwa ukipokea kutoka kwa chama chako ni takrima, na ukipokea kutoka kwa chama kingine ni rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, miongoni mwa sababu ikiwa ni kwamba vinambagua mgombea asiye na kitu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Nimewahi kutumia habari hii darasani katika somo la semantiki, na nakumbuka mwanafunzi mmoja kutoka Bugisu aliyeniuliza kama mahakama ina mamlaka ya kubadilisha maana ya neno. Nilimjibu kwamba mahakama ilibadilisha matumizi yake tu. Sina hakika kama lilikuwa jibu zuri.

Sasa tuje Jinja. Wengi wetu tunaijua Jinja kwa daraja, kwa chanzo cha Nile na kwa miwa ya Kakira. Historia ya Kiswahili chetu inaijua pia kwa kambi ya jeshi, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kilipotumika kama lugha ya amri tangu enzi za King's African Rifles. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja waliasi wakidai nyongeza ya mshahara, wakamzuia Waziri Felix Onama aliyetumwa kuzungumza nao. Baada ya maasi hayo, ofisa aliyepewa uongozi wa kikosi cha kwanza pale Jinja ni Idi Amin. Baadaye akawa naibu mkuu wa jeshi lote.

Tarehe 4 Februari 1966, Mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni mjini Kampala. Alikuwa Mwacholi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kabaka Yekka, chama cha Buganda, jambo ambalo pekee lingestahili makala. Ocheng hakuja na uvumi mtupu. Alikuja na hesabu za akaunti ya Amin katika Benki ya Ottoman, zikionyesha kwamba mwezi Februari 1965, kwa muda usiozidi siku 24, ziliingia takriban shilingi 340,000. Alidai kuwa fedha hizo zilitokana na dhahabu na pembe za ndovu za Kongo, ambako Uganda ilikuwa ikiwasaidia waasi, na kwamba Waziri Mkuu Milton Obote pamoja na mawaziri Onama na Adoko Nekyon walikuwa na mgao wao. Bunge lilitaka Amin asimamishwe kazi wakati uchunguzi ukifanyika. Obote alikuwa ziarani kaskazini. Aliyepinga hoja ile ni mmoja tu, John Kakonge.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri, na wawili kati yao walikuwa watu wa kwetu Mashariki: Mathias Ngobi wa Busoga na Balaki Kirya wa Bukedi. Katiba ikasimamishwa, na mwezi Mei jeshi likaivamia Mengo. Ocheng mwenyewe aliaga dunia kwa maradhi mwaka huo huo. Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba tume ya uchunguzi iliundwa kweli, ikiongozwa na Jaji Clement de Lestang wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, ikasikiliza mashahidi na kuandika taarifa. Taarifa hiyo haikuona ushahidi wa kuthibitisha tuhuma dhidi ya Obote na mawaziri wake. Yaani ilikuwa taarifa ya kumsafisha! Hata hivyo serikali yake haikuichapisha. Ilitolewa mwaka 1971, na aliyeitoa ni Amin, ambaye wakati huo alikuwa ameshampindua.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, nami naona lina uzito kuliko dhahabu yenyewe. Mtu ana karatasi inayomwondolea lawama, lakini mazoea ya kuficha ni makubwa mno hata anaifungia kabatini. Katika miaka mitano ile, kila mtu Uganda alijiandikia taarifa yake kichwani. Wengine wanaisimulia hadi leo, na hakuna hesabu itakayowabadilisha.

Mbale ina hadithi ya namna nyingine. Mwaka 1954 wakulima wa kahawa wa miteremko ya Masaba walianzisha chama kikuu chao cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, ambacho watu wanakiita BCU tu. Mkulima alipeleka kahawa yake ya arabika kwenye chama cha msingi kijijini, akapewa malipo ya kwanza, kisha akangoja. Kahawa ilipokwisha kukobolewa Mbale na kuuzwa, ilimjia nyongeza ikiwa imebaki faida. Ni huko kungoja ndiko kulikomfanya mkulima awe mkaguzi wa hesabu. Asiyejua kusoma alijua kilo zake, alijua bei iliyotajwa, na katika mkutano alitaka kusikia fedha zimekwenda wapi. Mtafiti wa Kimarekani, Stephen Bunker, aliandika kitabu kizima kuhusu mvutano kati ya wakulima hao na dola, kilichochapishwa mwaka 1987. Humo tunaona serikali baada ya serikali, ya kikoloni na ya kiafrika, zikijaribu kukitia chama hicho mkononi. Chama hakikuwa malaika. Tuhuma za matumizi mabaya zilikuwapo tangu miaka ya 1950, na baadhi ya mara ambazo serikali iliingilia kati ilikuwa na sababu. Lakini utaratibu wa hesabu kusomwa kwa sauti mbele ya wenye mali ulikuwapo, na mtu aliyeuliza hakuambiwa kuwa hana fadhila, maana fedha zilikuwa zake.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mwanachama na mpokeaji wa msaada. Laiti vyama vyetu vya siasa vingekuwa na wanachama wa namna ile ya BCU, wanaolipa ada na kungoja nyongeza!

Turudi mtoni. Kilomita chache kaskazini ya Jinja palikuwa na maporomoko ya Bujagali, mahali pa matambiko kwa Wasoga. Tangu mwaka 1994 kampuni ya Kimarekani ya AES, mwanzoni ikishirikiana na kundi la Madhvani la Kakira, ilikuwa katika mazungumzo na serikali kujenga bwawa la umeme hapo. Mkataba wa kuuziana umeme ulitiwa saini Desemba 1999. Mkataba huo ndio uliokuwa ukieleza nchi italipa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nani atabeba hasara maji yakipungua. Mwananchi ambaye angelipa kwa kila balbu hakuruhusiwa kuuona. Ilisemekana ni siri ya kibiashara. Wanaharakati wa mazingira waliuomba, hawakupewa.

Mwaka 2002 mambo yakafumuka kutoka pande mbili. Kwanza, ilibainika kuwa kampuni tanzu ya mkandarasi wa Norway, aliyetarajiwa kushiriki katika ujenzi, ilikuwa imemlipa dola 10,000 mtu aliyekuwa Waziri wa Nishati. Waziri huyo alikana kuwa ilikuwa rushwa. Benki ya Dunia ilisimamisha fedha zake kungoja uchunguzi. Pili, shirika la Greenwatch lilikwenda Mahakama Kuu kuudai mkataba, na Novemba 2002 Jaji Egonda-Ntende akaamua kuwa mkataba huo ni hati ya umma. Ajabu ni kwamba hakuamuru Greenwatch wapewe, kwa kuwa Katiba inatoa haki ya habari kwa raia, na shirika halikuwa limethibitisha uraia wake. Mwanafunzi wa sheria atasema ni hoja sahihi. Mwanafunzi wa fasihi atasema ni kejeli.

Hata hivyo mkataba ulitoka. Wataalamu wa kundi la Prayas kutoka India waliusoma ukurasa kwa ukurasa na kusema kwamba Uganda ingelipa mamilioni ya dola kila mwaka zaidi ya inavyostahili ikilinganishwa na miradi kama hiyo kwingineko. AES ilijitoa mwaka 2003. Bwawa lilijengwa baadaye na kampuni nyingine, likazinduliwa Oktoba 2012 likiwa na uwezo wa megawati 250, na maporomoko yakafunikwa na maji. Malalamiko juu ya bei ya umeme hayakuisha, lakini wanaolalamika sasa wanataja vifungu. Sisemi kwamba kuusoma mkataba kuliokoa kila shilingi. Nasema kuliwawezesha watu kubishana juu ya kitu kilichopo.

Mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa ajabu kwetu. Ndio mwaka ambao marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, jambo ambalo Idara yetu hulisherehekea kila mara. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari, vyama vingi vikarudi kwa kura ya maoni ya Julai, na ikapitishwa Sheria ya Vyama vya Siasa inayovitaka vyama kueleza Tume ya Uchaguzi mali na vyanzo vya fedha zao, tena ikiweka kikomo kwa michango ya kutoka nje: shilingi milioni 400 katika miezi 12. Kabla ya hapo tulikuwa tayari na Sheria ya Maadili ya Uongozi ya 2002, inayosema kuwa yaliyomo katika tamko la mali la kiongozi ni habari za umma. Karatasi tunazo, basi. Lakini angalieni zinamfunga nani. Kiongozi anatangaza mali yake kwa Inspekta Mkuu wa Serikali. Tajiri aliyemlipia magari, fulana na matangazo ya redio hatangazi kitu, kwa sababu yeye si kiongozi. Chama kinatoa taarifa, nayo inakaa ofisini. Mwananchi anayetaka kuiona anajaza fomu, kama ataipata fomu.

Wala hili si la chama tawala peke yake. Mwaka 2023 chama cha FDC kilipasuka kwa sababu ya swali hili hili. Wakongwe wa chama, akiwamo mwanzilishi wake Kizza Besigye, walisema hadharani kwamba chanzo cha fedha za kampeni ya 2021 hakikuelezwa, na wakashuku kuwa zilitoka Ikulu. Rais wa chama, Patrick Amuriat wa Teso, na Katibu Mkuu Nathan Nandala Mafabi wa Bugisu walikanusha. Kamati ya wazee iliyoundwa kulichunguza suala hilo iliongozwa na Dkt. Frank Nabwiso, mbunge wa zamani wa Kagoma, Jinja. Kwa hiyo mzee wa Jinja alikuwa akimhoji mwana wa mlimani juu ya pesa. Tena Mafabi huyo ndiye aliyewahi kuwa mwenyekiti wa BCU, chama cha wakulima wanaopenda kusomewa hesabu! Mimi sijui ukweli wa tuhuma hizo na simhukumu mtu. Ninachokiona ni kwamba kama daftari la michango lingekuwa wazi tangu 2021, mkanushaji angeweza kulifungua na mshutumu angelazimika kunyamaza, au kinyume chake. Badala yake, chama kilichowahi kuwa cha pili kwa ukubwa Bungeni kilivunjika vipande viwili, na upande mmoja ukaenda kuunda chama kingine.

Kuna hoja moja dhidi ya kuweka wazi ambayo naiheshimu. Mwenye duka Mbale anayeuchangia upinzani ana sababu ya kuficha jina lake. Jina likitoka leo, kesho huenda akawakuta watu wa kodi mlangoni, na keshokutwa zabuni yake ya kupeleka maharage shuleni imekwisha. Kumwambia mtu huyo kuwa uwazi ni maadili mema ni kumdhihaki. Lakini hoja hiyo inamlinda mtu wa elfu hamsini. Haimlindi mtu wa milioni mia, maana huyo wakubwa wanamjua tayari. Sisi tu ndio hatumjui. Kwa maoni yangu sheria ingeweka kima: mdogo abaki faraghani, mkubwa ataje jina, kampuni zake, na zabuni alizo nazo serikalini. Na orodha itoke kabla ya kura, si baada. Kenya walitunga Sheria ya Kugharamia Kampeni za Uchaguzi mwaka 2013, na haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022, kwa kuwa wanaotakiwa kuiwasha ni wale wale ambao ingewamulika.

Nirudi kwenye lugha kidogo. Wanafunzi wangu wa tafsiri hutoa majibu matatu wanapotakiwa kutaja neno la Kiswahili kwa tendo hili: kufichua, kutangaza, kuweka wazi. Si visawe. Kufichua hufanywa na mtu mwingine dhidi ya aliyeficha, Ocheng alifichua. Kutangaza kuna majivuno ndani yake, na tajiri wetu wa mabati alitangaza sana. Kuweka wazi hufanywa na mwenye jambo mwenyewe, kabla hajaulizwa, na ndiko nisikokuona popote katika historia hii niliyoisimulia. Magazeti yetu yana kufichua kwingi.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kuandika risala kwa mfadhili wa kubuni, kwa sharti moja: aya ya tatu imwombe, kwa adabu zote, aeleze ana maslahi gani katika wilaya. Wengi walishindwa. Si kwa sarufi. Walishindwa kupata namna ya kuuliza isiyosikika kama tusi. Msichana mmoja wa Mbale aliandika kwamba wazazi "wangependa kuujua mkono wote, si kiganja tu," na nikampa alama za juu kabisa. Kama kuna mwalimu mwenye sampuli nyingine, Idara itafurahi kuzipokea.

Juzi mwalimu mkuu wa shule ile alinipigia simu. Wanajengewa choo, na wanataka risala nyingine. Nimemwambia, "Nitaiandika, mwalimu, ila nitumie kwanza jina la kampuni." Alicheka, akasema atauliza. Bado nangoja.